Murabaha ni nini? Tuiangalie kwa pampu ya sola

Murabaha na riba yanakaribiana kwa sauti, na wapo wanaodhani ni kitu kile kile kilichovishwa kanzu. Asili zake ni mbali mbali. Murabaha limetokana na neno la Kiarabu ribhi, yaani faida ya muuzaji. Ni mauzo ambayo muuzaji anamwambia mnunuzi bila kificho: nimenunua kwa kiasi hiki, faida yangu ni hii, nawe nakuuzia kwa jumla yake. Malipo yanaweza kuwa taslimu au kidogo kidogo.

Chukua mkulima wa tungule huko Micheweni, Pemba. Kisima anacho, na jenereta ya petroli anayo, ile ya kuvutwa kamba mara tatu nne asubuhi ndiyo iitike. Umeme wa Gridi ya Taifa ulifika Pemba mwaka 2010 kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, lakini nguzo zinafuata barabara na kisima chake kiko bondeni. Petroli inamla kila siku. Pampu ya sola inataka fedha nyingi siku moja tu, siku ya kuinunua, kisha jua halileti bili. Hapo ndipo murabaha inapomfaa, kwa sababu pampu ni kitu, kinashikika na kina bei.

Tuseme dukani Unguja pampu na paneli zake ni shilingi 1,800,000. Taasisi ya fedha ya Kiislamu inazinunua, inaongeza faida ya 270,000, inamuuzia mkulima kwa 2,070,000. Atalipa 115,000 kila mwezi kwa miezi 18. Akichelewa, bei haipandi hata senti. Baadhi ya taasisi huweka faini kwa anayechelewesha makusudi, lakini fedha hizo huenda kwenye sadaka, haziingii mfukoni mwa muuzaji. Aliyekwama kweli, tungule zimeoza au bei imeanguka, Qur'ani imeagiza apewe muda mpaka mambo yamkae sawa (2:280).

Atauliza mtu: basi 270,000 ile ina tofauti gani na riba? Tofauti iko kwenye umiliki. Taasisi lazima iwe na pampu kwanza, ndipo iuze, maana Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kuuza asichokuwa nacho. Kabla ya hapo mkulima anatoa ahadi ya kununua tu. Pampu ikipakiwa botini ikaingia maji ya chumvi kabla ya kufika bandari ya Mkoani, Pemba, na mauzo bado hayajafungwa, hasara ni ya taasisi. Kubeba hatari hiyo, hata ikiwa ni ya siku mbili, ndiko kunakoihalalisha faida. Mkopeshaji wa riba hana siku mbili hizo. Yeye anatoa fedha na kusubiri fedha.

Ndipo panapoharibika mara nyingi. Nimewahi kuusoma mkataba ulioandikwa murabaha juu kwa herufi kubwa, na ndani mteja anakabidhiwa fedha taslimu, risiti ya dukani ina jina lake mwenyewe, na taasisi haikuimiliki pampu hata dakika moja. Kumfanya mteja wakala wa kununua kunaruhusiwa na wanazuoni wengi wa fani hii, lakini wakala hununua kwa niaba ya taasisi, na mauzo ya kwake yeye yanakuja baadaye, kwa mkataba wake. Kwa hiyo ukiletewa karatasi utie saini, uliza: saa hii pampu ni ya nani? Wakisita, irudishe.

Murabaha haifai kwa kila haja. Ujira wa vibarua wa kupalilia si bidhaa ya kununuliwa ikauzwa. Na asiyetaka kuimiliki pampu, pengine kwa sababu shamba lenyewe amelikodi, ijara inamfaa zaidi: pampu inabaki mali ya taasisi, yeye analipa kodi ya kuitumia, na mota ikiungua bila ya uzembe wake, anayeitengeneza ni mwenye mali.