Je, wajua kwa nini wanasayansi huzika tani za zenoni chini ya milima?

Huenda zenoni umeshakutana nayo bila kuijua. Ndiyo gesi iliyomo kwenye zile taa za gari zenye mwanga mweupe unaokaribia bluu, zinazokuumiza macho usiku mkipishana barabarani. Gesi hiyo hiyo ikipoozwa hadi nyuzi 108 chini ya sifuri hugeuka kimiminika. Tani 10 za kimiminika hicho zimewekwa karibu mita 1,500 chini ya ardhi katika mji mdogo wa Lead, Dakota Kusini, Marekani, ndani ya uliokuwa mgodi wa dhahabu wa Homestake. Mtambo wenyewe unaitwa LUX-ZEPLIN. Italia nayo ina tani zaidi ya 8 chini ya mlima wa Gran Sasso, kwenye mtambo wa XENONnT, na China ina zake chini ya mlima wa Jinping, mkoani Sichuan.

Wanaoshuka huko hawafuati dhahabu. Wanasubiri atomi moja igongwe.

Kugongwa kwenyewe ni kudogo mno. Chukua mbu anayeruka polepole kulielekea sikio lako, kisha nishati ya mwendo wake uigawe mafungu bilioni moja. Fungu moja tu kati ya hayo ndiyo nishati ya tukio ambalo mitambo hii inajaribu kulinasa. Chembe zinazotarajiwa kugonga hivyo ni za aina mbili. Kuna nyutrino, zinazomiminika kutoka juani na kutupenya mchana na usiku. Halafu kuna ile maada ya giza, ambayo mwendo wa nyota na galaksi unaonyesha kuwa ipo ingawa hakuna aliyewahi kuishika.

Sasa kwa nini zenoni, wakati maji yapo tele?

Kwanza ni nzito. Lita moja ya zenoni ya kimiminika ina uzito wa karibu kilo 2.9, kiasi kwamba kipande cha aluminiamu kingeelea juu yake. Kwa hiyo tani 10 zile zingeingia kwenye simtanki ya lita 5,000 na nafasi ikabaki. Uzito huo ni kinga pia. Chuma cha tangi, waya, hata skrubu, vyote vina mnururisho kidogo wa asili, lakini miale yake ikiingia huishia kwenye sentimita chache za mwanzo. Ni kama nazi: makumbi yanapokea vishindo vyote, ndani kumetulia. Watafiti huyaacha matukio ya pembeni na kusoma ya moyoni tu. Gesi nyingine, arigoni, ni ya bei nafuu zaidi na inatumika kwenye mitambo mingine, ila arigoni ya hewani inakuja na isotopi (aina ya atomi zake) yenye mnururisho, takriban atomi moja hujivunja kila sekunde kwa kila kilo. Kwa anayesikiliza mnong'ono, huo ni ukelele.

Kinachonivutia zaidi binafsi ni mwanga wake. Kiini cha atomi kikigongwa, kinawaparamia majirani, na baadhi ya atomi zinapata msisimko. Atomi iliyosisimka haikai peke yake. Inashikana na jirani, wanakuwa pacha kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya milioni ya sekunde, kisha wanaachana. Katika kuachana hutoka mwanga wa urujuanimno, ambao jicho la binadamu halioni. Mwanga huo umetoka kwa pacha, kwa hiyo atomi iliyo peke yake haiwezi kuumeza. Ni ufunguo usioingia kwenye kufuli lolote njiani. Unapita katika zenoni yote hadi kwenye kuta za Tefloni (jamaa yake ile ya vikaango visivyogandisha), zinaurudisha ndani, mpaka unafika kwenye mirija ya kunasa mwanga iliyopangwa juu na chini. LUX-ZEPLIN ina mirija karibu 500 ndani ya tangi lake la zenoni, na kila mmoja una uwezo wa kutambua hata fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga.

Kabla mtambo haujamaliza hesabu ya mmweko huo, kuna elektroni zilizong'olewa zinazoanza safari. Umeme wa volti nyingi unazivuta juu, na zenoni, isiyo na tamaa ya elektroni za wenzake, inaziacha zipite. Mita moja na nusu huchukua karibu sehemu moja ya elfu ya sekunde. Juu kabisa kuna tabaka jembamba la zenoni ya gesi. Elektroni zikichomoka na kuingia humo, unatokea mmweko wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza. Hata elektroni moja huonekana.

Muda kati ya mimweko miwili unaeleza tukio limetokea kina gani, na mirija ya juu iliyong'aa zaidi inaeleza ni upande gani. Uwiano wa mimweko nao unamtaja aliyegonga: miale ya gama hugonga elektroni, na mmweko wa pili unakuwa mkubwa sana ukilinganishwa na wa kwanza; lakini nyutrino au maada ya giza ikigonga kiini, wa pili hupungua.

Shida ni kuipata zenoni yenyewe. William Ramsay na Morris Travers walioigundua London mwaka 1898 waliipa jina kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya mgeni, na mgeni kweli. Katika chumba cha mita nne kwa nne chenye dari la mita tatu, zenoni yote iliyomo hewani haijazi kijiko cha chai. Huchujwa kwenye mitambo mikubwa inayotenganisha gesi za hewa. Ikishapatikana lazima iondolewe kriptoni, gesi nyingine ya hewani inayokuja nayo, kisha izungushwe kwenye vichujio bila kupumzika, kwa sababu oksijeni kidogo tu ikibaki itazimeza elektroni njiani. Radoni, gesi yenye mnururisho, nayo hutoka ndani ya vyuma vyenyewe, haimalizwi.

Uchafu kidogo unaweza kuleta kizaazaa. Mwaka 2020 kundi la XENON1T, mtambo uliotangulia XENONnT hapo Gran Sasso, lilitangaza matukio 285 ya nishati ndogo pale lilipotarajia kama 232. Dhana zikamiminika: labda ni chembe mpya kutoka juani! Wenyewe walitahadharisha kwamba atomi chache mno za tritiamu (hidrojeni yenye mnururisho), zisizopimika kwa njia nyingine, zingetosha kuleta ziada hiyo. Mwaka 2022 XENONnT, iliyo safi zaidi, ikatazama mahali pale pale. Ziada haikuwepo.

Lakini XENON1T haikuwa ya bure. Mwaka 2019 iliripoti kuona atomi za zenoni-124 zikibadilika kwa njia adimu ambayo nusu-uhai wake (muda wa nusu ya atomi kubadilika) ni karibu mara trilioni moja ya umri wa ulimwengu. Walisubiri yaliyo mbali, wakaona kitu ndani ya tangi lao wenyewe.

Kisha ikaja 2024. XENONnT ilihesabu matukio 37 mahali ambapo kelele peke yake, yaani matukio ya vyanzo vya kawaida, ingeleta kama 26. Ziada hiyo ya 11 hivi inalingana na nyutrino za jua zikigonga kiini kizima cha zenoni kwa mpigo, jambo ambalo Daniel Freedman alilitabiri mwaka 1974. Wachina wa PandaX-4T, mtambo wa Jinping, nao walitoa dalili kama hiyo mwaka huo huo. Kwa viwango vya fizikia, matokeo hayo ya 2024 yalikuwa dalili, si ushahidi kamili.

Walioshangilia walikuwa na sababu, na walioguna nao walikuwa nayo. Nyutrino hizo zikigonga zenoni zinafanana mno na maada ya giza iliyo nyepesi, nayo bado haijaonekana. Mnururisho wa angani umezuiwa na mlima, na radoni inapunguzwa kwa mitambo. Nyutrino za jua zinapita kwenye mwamba kana kwamba haupo, mchana kutoka juu, usiku kutoka chini ya miguu.