Kupima mafuta ya mwili ndani ya maji: kazi kubwa iko kwenye pumzi

Baunsa wa kilo 80 na mwenye kitambi wa kilo 80 ni sawa tu mbele ya mizani. Mwaka 1942 Albert Behnke, daktari wa jeshi la wanamaji la Marekani, aliwapima majini wachezaji 25 wa kandanda ya Kimarekani. Kwa majedwali ya uzito ya jeshi, wengi wao walikuwa wanene mno. Maji yakaonyesha kwamba uzito ule ulikuwa misuli.

Lita moja ya mafuta ya mwilini ina gramu 900 hivi, na lita moja ya mwili usio na mafuta gramu 1,100. Mafuta huelea, misuli na mifupa huzama. Ndiyo maana tunatafuta densiti, yaani kilo zilizomo katika kila lita ya mwili.

Ninayempima hukaa kwenye kiti kilichoning'inizwa kwenye mizani, maji ya vuguvugu yakimfika shingoni. Anapangusa viputo vya hewa kwenye nywele na nguo, anainama taratibu huku akitoa pumzi, na kichwa kikishazama anaendelea kuitoa hadi aone hakuna tena. Hapo atulie tuli mpaka mshale uache kuyumba. Wengi huogopa na kuacha nusu ya njia, kwa hiyo ninarudia mara kadhaa.

Hata hivyo, zaidi ya lita moja ya hewa hubaki mapafuni, na lazima nayo ipimwe. Chukua mtu wa kilo 80 anayepata kilo 3.6 majini, kwenye nyuzi joto 34. Uzito uliopungua majini unaonyesha ujazo wa mwili. Ukiondoa humo hewa, lita 1.3 za mapafuni na 0.1 ya tumboni, densiti inakuja 1.061. Kwa kanuni ya mwanasayansi William Siri, 495 gawanya kwa densiti toa 450, mafuta ni karibu asilimia 17. Ukikosea hewa hiyo kwa nusu lita, jibu linasogea asilimia 3 nzima! Sipendi kabisa kuikadiria kwa umri na urefu.

Tena ile gramu 1,100 ya mwili usio na mafuta ilitokana na maiti wachache sana wa Kizungu. Mwenye mifupa mizito kuliko wao huonekana ana mafuta machache kuliko aliyo nayo. Wapo wanariadha waliotoka na mafuta chini ya sifuri, jambo lisilowezekana. Kwa hiyo mwanariadha ninamlinganisha na vipimo vyake mwenyewe vya awali, kwenye tangi lilelile, kabla hajala.