Saratani ya tezi dume iliyosambaa: maswali ya wiki za mwanzo za matibabu

Majibu haya ni kwa ajili ya mzee aliyetoka kliniki ya Moshi au Arusha na karatasi ya majibu mkononi, pamoja na mke na watoto wanaomsindikiza. Vipimo vya dawa vilivyotajwa ni vya kawaida kwa watu wazima. Cha kwako atakipanga daktari anayejua figo, ini na presha yako.

Karatasi inasema imefika kwenye mifupa. Sasa ni saratani ya mifupa?

Hapana. Ni seli za tezi dume zilizohamia mifupani, hasa kwenye uti wa mgongo, nyonga na mbavu. Kwa hiyo dawa zake ni zilezile za tezi dume. Hii pia ndiyo sababu wazee wengi huchua mgongo kwa miezi wakidhani ni uzee au baridi, kumbe chanzo kiko chini ya kibofu.

Ikishasambaa, kwa kawaida haiondoki yote kwa kisu wala kwa mionzi. Inadhibitiwa. Wagonjwa wengi huishi miaka kadhaa, na wengi wao wakiendelea na shughuli zao. Usihukumiwe na namba ya PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) peke yake. Kuna wanaoanza na PSA ya 100, na wengine zaidi ya 1,000. Linaloeleza zaidi ni jinsi inavyoshuka katika miezi 6 au 7 ya mwanzo.

Kwa nini matibabu yanaanza na homoni?

Seli hizi hukua kwa kulishwa na testosteroni, homoni ya kiume. Mwaka 1941, Charles Huggins na Clarence Hodges wa Chicago walionyesha kwamba mgonjwa akikatiwa homoni hiyo, ugonjwa hurudi nyuma. Hadi leo hapo ndipo tiba inapoanzia. Zaidi ya asilimia 90 ya testosteroni hutengenezwa kwenye korodani, nyingine kidogo hutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo.

Tumeambiwa tuchague sindano au upasuaji wa korodani. Kipi bora?

Kwa nguvu ya kushusha homoni, vinalingana. Upasuaji hushusha testosteroni ndani ya siku moja hivi, sindano huchukua wiki 2 hadi 4. Upasuaji hufanywa kwa ganzi, ni mfupi, na wengi hurudi nyumbani siku ileile au kesho yake. Mfuko wa korodani hauondolewi. Kuna hata namna ya kutoa nyama ya ndani tu na kuacha gamba lake, ili mguso usibadilike sana. Sauti haigeuki kuwa ya kike.

Neno "kuhasiwa" ndilo linalowakimbiza wazee, na wanaume wa huku hawapendi hata kulisikia. Lakini athari wanazoziogopa (hamu ya tendo la ndoa kupotea, uume kutosimama, misuli kupungua) huletwa na sindano vilevile, kwa sababu zinatokana na kukosa homoni. Tofauti ya kweli ni mbili: upasuaji haurudishwi nyuma, na hulipiwa mara moja tu. Sindano inataka fedha na safari kila baada ya wiki 4 au 12, bila kikomo. Kwa mzee anayeishi mbali na asiye na uhakika wa bima, tunaona upasuaji ni uamuzi wa heshima kabisa, wala si tiba ya daraja la pili. Aamue mwenyewe, baada ya kusikia yote mawili, wala si baada ya kikao cha ukoo kumwamulia.

Kwa nini nimepewa vidonge kabla ya sindano?

Swali hili ulizeni hata kama hamkupewa vidonge. Sindano kama goserelini, katika wiki ya kwanza au mbili, hupandisha testosteroni kabla ya kuishusha. Mwenye uvimbe kwenye uti wa mgongo anaweza kuzidiwa maumivu, miguu ikalegea, au mkojo ukaziba. Kinga yake ni bikalutamidi, mara nyingi miligramu 50 kwa siku, inayoanza siku chache kabla ya sindano na kuendelea kwa wiki 3 hadi 4. Kosa linalotokea ni mgonjwa kuchomwa sindano leo na kununua vidonge wiki ijayo fedha ikipatikana. Bora kungoja vidonge vipatikane kwanza. Aliyefanyiwa upasuaji hahitaji kinga hii, kwa kuwa homoni yake haipandi. Aliyeanzishiwa degarelix, sindano ya aina nyingine isiyopandisha homoni kwanza, naye haihitaji.

Sindano ya "kila mwezi" ni tarehe ileile kila mwezi?

Si hivyo. Goserelini ya miligramu 3.6 ni ya siku 28. Ukifuata tarehe ya mwezi utachoma mara 12 kwa mwaka, na hesabu sahihi ni 13. Ile ya miligramu 10.8 ni ya wiki 12. Chagua siku ya juma, tuseme Jumanne, kisha hesabu hadi Jumanne ya nne baada ya ile ya sindano. Andika kwenye kalenda ya ukutani, na mtoto mmoja aiweke kwenye simu yake.

Dawa yenyewe ni kijipande kigumu kinachowekwa chini ya ngozi ya tumbo kwa sindano nene, kwa hiyo ni kawaida kubaki na alama ya wekundu. Ikiwa inaletwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, soma boksi: goserelini haitakiwi kuzidi nyuzi joto 25. Moshi mjini ya Januari na Februari hupita hapo kwa urahisi, na kifurushi kilichokaa juani mbele ya dereva kinaweza kuwa kimeharibika hata kama kinaonekana kizima. Aina nyingine za sindano hizi hukaa kwenye friji.

Sasa jambo ambalo tungependa kila familia ilishike. Wiki chache baada ya kuanza, maumivu hupungua, mzee anakula, anatembea hadi shambani. Hapo ndipo wengi huacha. Sindano inayokosekana huirudisha testosteroni, na ugonjwa nao huamka. PSA iliyoshuka inaonyesha dawa inafanya kazi, haisemi kwamba kazi imekwisha.

Daktari ametaja dawa ya kuongezea. Ni ya lazima?

Uliza, na uliza mapema. Tafiti kubwa za mwaka 2015 na 2017 zilionyesha kwamba kuongeza dawa ya pili tangu mwanzo hurefusha maisha kuliko homoni peke yake, hasa ugonjwa ukiwa umeenea sana. Njia moja ni dosetakseli, dripu ya kila wiki 3 kwa mizunguko 6. Hupunguza chembe nyeupe za damu, kwa hiyo homa ya nyuzi 38 au zaidi katika kipindi hicho ni ya kwenda hospitali usiku huohuo, si ya kunywea panado nyumbani. Njia nyingine ni vidonge vya abirateroni, kwa kawaida miligramu 1,000 kwa siku pamoja na prednisoloni. Hivi humezwa tumbo likiwa tupu: usile saa 2 kabla na saa 1 baada. Ukivimeza na mtori wa asubuhi, mwili utafyonza dawa kupita kiasi. Presha, potasiamu na ini hupimwa mara kwa mara, hasa miezi 3 ya mwanzo.

Mwili utabadilikaje?

Joto hupanda ghafla kifuani na usoni, kisha jasho, hata katika baridi ya Julai ya Machame. Uchovu huja, tumbo huongezeka, misuli hupungua, damu inaweza kushuka kidogo, na moyo unaweza kuwa mzito bila sababu inayoonekana. Hilo la mwisho halisemwi sana, na mke hulichukua kama ukali wa makusudi. Mwambieni daktari.

Mifupa hudhoofika pia. Lenga miligramu 1,000 hadi 1,200 za kalisi kwa siku: glasi moja ya maziwa, freshi au mgando, ina kama 300, na dagaa wanaoliwa na miiba yao husaidia. Tembea dakika 30 kwa siku, siku 5 za juma, na fanya zoezi la kukaa na kusimama kwenye kiti mara 10. Mwenye ugonjwa kwenye uti wa mgongo asibebe mkungu wa ndizi wala ndoo ya lita 20. Sukari na presha zipimwe, maana tiba hii inaweza kuzipandisha.

Ni dalili gani haisubiri tarehe ya kliniki?

Miguu kulegea au kufa ganzi, maumivu mapya ya mgongo yanayozidi ukilala au ukikohoa, mkojo kukataa kutoka, au choo kutoka bila kujijua. Uti wa mgongo unabanwa. Nendeni hospitali kubwa siku hiyohiyo, KCMC au Mount Meru kwa mfano, na semeni mlangoni: "Ana saratani ya tezi dume, miguu inaisha nguvu." Anayefika akiwa bado anatembea ana nafasi kubwa ya kuendelea kutembea. Aliyekwisha kupooza kwa siku kadhaa mara nyingi hatembei tena.

Mofini si dawa ya anayekufa?

Ni dawa ya maumivu makali. Ya maji hunywewa kila baada ya saa 4, kwa saa, bila kungoja maumivu yarudi. Hufunga choo karibu kwa kila mtu, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyohiyo. Diklofenaki na ibuprofeni zisinunuliwe duka la dawa kiholela, maana mkojo ukiwa umeziba figo tayari ziko hatarini. Mfupa mmoja unaouma sana unaweza kutulizwa kwa mionzi ya siku moja tu. Kwa Arusha, Selian ina huduma ya tiba shufaa (ya kutuliza maumivu na kumsaidia mgonjwa) inayojulikana, na ni vizuri kujiunga mapema.

Magome ya mwiria kutoka mlimani?

Mti huu, ambao Wachagga huuita mkonde-konde, una dawa inayotumika hata Ulaya kupunguza shida ya mkojo kwa tezi dume iliyovimba bila saratani. Hautibu saratani. Kama mzee anautumia, asifiche, na asiutumie badala ya sindano.

Fedha ikiisha katikati?

Msiache kimyakimya. Kabla ya kuanza, ulizeni dirisha la bima kama dawa iliyoandikwa imo kwenye kifurushi chenu. Asiye na bima aonane na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali akiwa na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Zungumzeni na daktari kuhusu upasuaji badala ya sindano kabla ya kukosa hata dozi moja.

Watoto wa kiume wapimwe?

Ndiyo, waanze kuzungumza na daktari kuhusu PSA wakifika miaka 40 hadi 45, pamoja na wadogo zake mzee. Kuwa na baba au ndugu mwenye saratani hii huongeza hatari karibu mara mbili.

Sindano inaangukia Desemba 25, na familia yote inakuja kijijini.

Kliniki nyingi hazifunguliwi siku hiyo. Ombeni tarehe mpya tangu Novemba. Kuwahi kwa siku chache ni afadhali kuliko kuchelewa, kwa hiyo achomwe Desemba 22 au 23, kisha siku 28 zihesabiwe upya kuanzia hapo.