Kibarua cha likizo ndefu hufuata msimu

"Shikamoo dada, nimefunga chuo, naomba kazi yoyote." Kuanzia katikati ya Julai simu yangu hujaa ujumbe wa namna hii. Kazi yangu ni kuyatafutia makampuni watu wa muda: mapromota wa mabanda ya maonyesho, makarani wa kuingiza taarifa, watu wa kuhesabu mzigo ghalani. Wengi nawajibu kwamba nafasi zimejaa, na ni kweli. Zilijaa Juni, wao wakiwa kwenye UE, mitihani ya mwisho wa muhula.

Kampuni haiajiri mtu wa miezi miwili kwa kuwa yeye yuko likizo. Inamwajiri kwa kuwa kuna shughuli imeizidi kimo. Kwa hiyo jiulize kwanza: Julai hadi Oktoba, ni nani Tanzania hii anazidiwa na kazi?

Sabasaba, maonyesho ya biashara, ndiyo inayofahamika zaidi, pale viwanja vya Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, tarehe 28 Juni hadi 13 Julai. Kwa vyuo vingi inagongana na mitihani, kwa hiyo usiitegemee. Nane Nane, maonyesho ya wakulima, ndiyo ya mwanachuo: 1 hadi 8 Agosti, na hufanyika mikoani. Kuna Nzuguni Dodoma, Themi Arusha, John Mwakangale Mbeya, Ngongo Lindi. Mtu anayeishi Mbeya ananipunguzia nauli na malazi ya kumtoa promota Dar, na mteja wangu anaipenda hesabu hiyo. Wanafunzi wengi hung'ang'ania kubaki mjini wakidhani kazi ziko Kariakoo, kumbe nyumbani kwao ndiko wangepata.

Na mikoani kuna kazi ambazo hazipiti kwangu kabisa. Lindi na Mtwara, Juni na Julai ni msimu wa ufuta. Chama cha msingi, yaani AMCOS, kinapokea magunia, kinapima, kinaandika, kinasubiri mnada. Mbinga na Mbozi ni kahawa. Vyama hivi huhitaji watu wa mizani na vitabu, na karani akikosea kilo za mkulima, kesi inafika kwa mwenyekiti wa kijiji siku hiyohiyo. Ndiyo maana hawamchukui mgeni. Wanataka mtoto wa fulani, anayejua hesabu na mwandiko wake unasomeka. Barua ya maombi haina uzito hapo. Mzee wako akizungumza na katibu wa AMCOS mapema, kabla msimu haujafunguliwa, amekusaidia kuliko mimi.

Utalii nao uko juu Juni hadi Oktoba, Zanzibar na mbuga za kaskazini. Hoteli hujipanga wakati wa masika, wageni wakiwa wachache. Mwenye Kifaransa au Kihispania cha kuongea, asiishie kukiandika kwenye CV. Apige simu azungumze nacho.

Halafu kuna suala la field. Usinichanganyie. Field ni sehemu ya masomo, kwa kozi nyingi wiki 8 hivi, na mara nyingi hailipwi. Wenye mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, wana fungu lake la mafunzo kwa vitendo. Ukiwa field huna likizo. Hesabu wiki zinazobaki, ndizo za kuniuzia.

Ukiniandikia, nieleze mambo ya kumwuzia mteja: jina kamili, uko mkoa gani, unapatikana kuanzia tarehe ngapi hadi tarehe ngapi, na kazi gani umewahi kuishika, hata kama ni duka la shangazi. Na niambie ukweli kuhusu sapu, mtihani wa marudio. Mtu anayeondoka katikati ya kazi kurudia mtihani ananiharibia kwa mteja. Aliyenitajia mapema nampangia kazi ya siku chache na tunaelewana vizuri.

Malipo ndipo vijana wanapoumia. Anayekuomba hela ya fomu, ya sare au ya "kukushikia nafasi" hana kazi, hata akituma barua yenye mhuri. Kwa Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Kwenye maonyesho saa hizo hupita bila mtu kuzihesabu, basi zihesabu wewe. Pia tofautisha posho ya chakula na ujira. Kuna wajanja hutaja jumla halafu wakakata chapati na soda humo humo.

Jambo la mwisho ni la biashara yetu sisi mawakala. Wengi hulipa vibarua baada ya kampuni kuwalipa wao, na hiyo inaweza kuwa wiki kadhaa baada ya banda kubomolewa. Kabla hujavaa fulana ya mtu, uliza ni nani atakayekulipa, tarehe ngapi, na kwa namba gani. Akijibu kwa mdomo tu, mwandikie majibu yake kwenye WhatsApp, umwombe athibitishe.