Benki hukopesha amana zako? Dhana potofu kuhusu mikopo na ujazi wa fedha

Dhana: Benki hukusanya amana za watu, kisha huzikopesha.

Tazama vitabu vya benki siku mkopo wa milioni 10 unapoidhinishwa. Upande wa mali huandikwa mkopo, milioni 10. Upande wa madeni, yaani kile ambacho benki inadaiwa na wateja wake, akaunti ya mkopaji huongezewa milioni 10. Hakuna mteja mwingine aliyepunguziwa hata senti. Amana imezaliwa pamoja na mkopo, na kwa kuwa amana ni sehemu ya ujazi wa fedha (jumla ya fedha zilizo mikononi mwa watu na kwenye akaunti zao), ujazi huo umeongezeka palepale. Benki Kuu ya Uingereza ililieleza hili waziwazi mwaka 2014.

Wawekaji bado wanahitajika, tena sana. Mkopaji akimlipa mtu mwenye akaunti benki nyingine, benki yake hulipa kwa fedha ilizonazo Benki Kuu. Zikipungua, lazima itafute nyingine, kwa mfano kwa kuvutia wawekaji, na hazipatikani bure.

Dhana: Akiba ya lazima (sehemu ya amana ambayo benki hutakiwa kuitunza kama akiba, hasa Benki Kuu) ikiwa asilimia 10, fedha huongezeka mara 10.

Hesabu hii hupendeza ubaoni tu. Kwa kawaida benki hukopesha kwanza, akiba hutafutwa baadaye, na Benki Kuu inayolinda kiwango chake cha riba huitoa. Marekani ilishusha sharti hilo hadi asilimia 0 Machi 2020. Kwa kanuni ya ubaoni, fedha zingekosa kikomo! Canada nayo imeishi bila sharti hilo tangu miaka ya 1990. Kinachoibana benki zaidi ni mtaji wake, riba, na uhaba wa wakopaji wanaoweza kulipa.

Dhana: Basi akiba ya lazima haina kazi.

Hapo napo ni kutia chumvi. Ikipandishwa, fedha nyingi zaidi za benki hulala Benki Kuu kwa riba ndogo au bila riba kabisa; benki hufidia kwa kupandisha riba ya mikopo, na waombaji hupungua. China huitumia mpaka leo.

Dhana: Mkopo ukilipwa, fedha husubiri mkopaji mwingine.

Hapana, hufutika. Akaunti ya mkopaji hupungua, na deni lake hupungua vilevile. Riba tu ndiyo hubaki kuwa mapato ya benki. Watu wengi wakilipa madeni huku wachache wakikopa, ujazi wa fedha hunywea bila Benki Kuu kuondoa hata noti moja.