Dhana potofu na ukweli: mashine kongwe za ngoma na mzuka wa biti

Kijana mmoja anayepika biti kwenye chumba cha nyuma ya saluni, Nkuhungu hapa Dodoma, alinifuata kuniuliza: "Kaka, niuze bodaboda ninunue MPC ya zamani?" MPC ni mashine ya Akai ya kupikia biti. Biti zake zimelala, anasema. Anataka ule mwendo wa kuyumba wa hip hop ya miaka ya 1990, na ameambiwa kompyuta haiuwezi. Nikamwambia, mdogo wangu, usiuze kitu, kwanza tupige hesabu.

"Mashine za zamani zilikuwa zinakosea muda, ndiyo maana biti zilicheza."

Hii ndiyo imeenea kuliko zote. Twende kwa mwenye mkono wake humo, Mmarekani Roger Linn. Mwaka 1980 alitoa LM-1, iliyotumia sauti zilizorekodiwa kutoka kwenye ngoma halisi, na mwaka 1988 kampuni ya Akai ikatoa MPC60 aliyoibuni yeye. Swingi ya mashine zake Linn ameieleza mwenyewe, na haina siri: chukua stepu mbili zinazofuatana (stepu ni robo ya pigo moja), ya pili icheleweshe. Asilimia 50 maana yake stepu zimegawana muda sawasawa. Ukifika kama 66, ya kwanza inachukua theluthi mbili na ya pili inabaki na theluthi moja.

Sasa weka kasi ya BPM 90, yaani mapigo 90 kwa dakika. Stepu mbili zinakaa ndani ya milisekunde 333. Kwenye 50, ya pili inaingia milisekunde ya 167. Kwenye 54 inaingia ya 180, na kwenye 62 ni ya 207. Yaani kati ya biti iliyosimama wima kama askari wa gwaride na biti inayotembea kwa madaha, kuna milisekunde 13 hadi 40 tu. Kuchelewa huko hakubahatishwi. Kunarudi vilevile kila raundi, na ndiyo maana kiuno kinakuzoea mapema kabla ya akili.

Bado kijana akang'ang'ana: "Lakini MPC ina gridi yake." Kweli, ilikata kila pigo vipande 96, ambavyo huitwa tiki. Kwa BPM 90 tiki moja ni karibu milisekunde 7, kwa hiyo kati ya swingi ya 50 na ya 75 kuna tiki 12 tu za kusogelea. Hapo nikafungua FL Studio yake, programu anayopikia biti kwenye kompyuta, kwenye mipangilio ya mradi. Mradi mpya huanza na tiki ngapi? 96. Alicheka mpaka wateja wa saluni wakachungulia. Kitufe cha swingi kipo palepale juu ya orodha ya sauti zake, na alikuwa hajawahi kukigusa. Namba zake hazilingani na za MPC, kwa hiyo usinakili asilimia za watu. Zungusha huku unasikiliza.

"808 ina swingi ya asili."

Haina. Roland TR-808, mashine ya ngoma ya mwaka 1980, haikuwa na kitufe cha swingi. Iliyokuja nacho ni TR-909, mwaka 1983. Unachokisikia kwenye 808 ni kiki (ngoma nzito ya chini) yenye mkia mrefu, inayojaza nafasi kati ya pigo na pigo, pamoja na mkazo unaonyanyua sauti zote za stepu moja kwa pamoja. Ukiukata ule mkia, mwendo nao unabadilika, ingawa hakuna pigo hata moja lililosogea.

"Basi kifaa hakina athari yoyote."

Hapa ndipo wajuaji wa kompyuta wanapoteleza. Waya wa MIDI, unaobeba amri za noti kati ya vifaa, hupitisha biti za data (si biti za muziki) 31,250 kwa sekunde, na noti moja inakula karibu milisekunde 1. Zinapita kwa foleni, moja nyuma ya nyingine. Ukiamuru sauti kumi zilie pamoja kupitia waya mmoja, ya kumi itafika kama milisekunde 9 baada ya ya kwanza. Nimekutaja kuchelewa kwa 13 hapo juu; linganisha mwenyewe. Ukiwa na mashine ya kweli, kiki na snea (ngoma ya mlio mkali) zitume kwanza.

"Kwantaizi inaua ngoma za asili."

Kwantaizi ni kuyasogeza mapigo yakae sawasawa kwenye gridi. Muheme ya Wagogo, ile akina mama wanaipiga ngoma wameibana mapajani, huchanganya mgawanyo wa mbili na wa tatu. Gridi ya stepu 16 inajua wa mbili tu. Ukiipeleka muheme humo bila kufikiri, umeikunja kama shuka. Ila 96 inagawanyika kwa 4 na kwa 3: tiki 24, au tiki 32. Mpe kila mpigaji gridi yake. Hata 808 iliweza kugeuzwa stepu zake zikaenda tatu-tatu. Watu humtaja J Dilla, mpika biti za hip hop wa Detroit, eti alizima kwantaizi na kumaliza. Alitumia pia uwezo wa MPC kusogeza sauti moja moja, snea ikawahi huku nyingine zikiburuta.

Na biti za kijana? Alikuwa amekata sampuli (kipande cha sauti) ya muheme aliyoirekodi kwa simu kwenye sherehe huko Chamwino. Tulipolivuta karibu wimbi lake la sauti kwenye skrini, kabla ya pigo kulikuwa na kimya cha milisekunde kama 20, na kila alipoliweka pigo kwenye gridi lilichelewa kwa kiasi hicho, dhidi ya kiki yake mwenyewe. Tukakikata. Bodaboda anayo bado, ila sasa anataka kuiuza anunue maikrofoni, na hapo sikuwa na la kumpinga.