Muswada wa Uskoti haukuanzisha kubadili jinsia kisheria

Wengi husema muswada uliopitishwa na Bunge la Uskoti Desemba 2022, kwa kura 86 dhidi ya 39, ungewawezesha watu waliobadili jinsia kutambuliwa kisheria kwa mara ya kwanza. Si kweli. Njia hiyo ipo Uingereza nzima kwa sheria ya 2004, na hata sheria hiyo haidai upasuaji, jambo linalowashangaza watu kila nikilitaja.

Kilichobishaniwa ni utaratibu. Sheria ya 2004 inamtaka mwombaji awe na miaka 18, alete ripoti za kitabibu, na aonyeshe kwamba ameishi katika jinsia yake mpya kwa miaka 2. Muswada ulifuta ripoti hizo, ukashusha umri hadi 16 na muda hadi miezi 3 (6 kwa walio chini ya miaka 18), kisha miezi 3 ya kutafakari. Tamko la kiapo lilibaki. Kudanganya katika tamko hilo kungekuwa kosa la jinai.

Na anayedhani tayari ni sheria amekosea pia: Januari 2023 serikali ya London iliuzuia, na Desemba mwaka huohuo mahakama ya Edinburgh ikakubali kwamba zuio hilo ni halali.